Mkono wa Meni Swichi

Ukimuulizia Mama Ngazi mtaani kwetu, hakuna atakayekuuliza yupi. Ni fundi umeme, mwanamke wa makamo mwenye mwili mdogo na mikono migumu kama ya mpasua kuni. Jina lilimganda kwa sababu ya ngazi ya mbao anayoibeba begani kila asubuhi. Mumewe huwatania watu kwamba siku ya harusi alidhani anaoa mke mmoja, kumbe amejitwisha wake wenza, huyu na ngazi yake.

Mambo ya mashetani alikuwa hayataki kuyasikia. Alishaitwa kwenye nyumba nyingi zilizosemwa zina mkono wa mtu: redio inanong'ona, taa inakonyeza, kitasa kinatekenya vidole. Mara zote alikuta panya, au maji yaliyopenya ukutani, au kazi ya fundi mwenzake aliyefunga waya huku mawazo yakiwa kwingine. "Umeme hauna jini," aliwaambia. "Una njia tu. Ukipotea, tafuta njia."

Haya yaliyompata nyumbani kwa Seremala alinisimulia mimi jirani yake mara moja tu, mchana kweupe, tena akakataa nifunge mlango.

Siku hiyo ilianza vizuri. Jua lilikuwa limetoka, upepo mwanana, naye alikuwa anaanika nguo uani, akiwaza nani atakayemwita leo. Akaja Seremala. Alimfahamu, kitanda anacholalia kilitoka mikononi mwa mtu huyo. Alisimama kizingitini, vumbi la mbao kwenye nyusi, akieleza haraka haraka kama anayesoma kitu alichokikariri. Umeme wa nyumbani kwake unajikata. Majirani wote wanao, yeye hana. Mafundi wamekuja na kuondoka, wamebadilisha fyuzi mpaka duka limewachoka, na tatizo liko palepale. Yeye alishajua dawa: meni swichi ni ya zamani, ing'olewe, iwekwe mpya, basi. Hakuna haja ya kuzunguka nyumba nzima.

Mama Ngazi alimjibu kwamba mgonjwa hajiandikii dawa. Akachukua mkebe wake, akaitweka ngazi begani, wakaongozana.

Nyumba ilikuwa ya babu yake Seremala, ya kuta nene na dari ya mbao, na waya zake nyeusi zilipita juu ya papi za mbao zilizopigiliwa ukutani, mtindo ambao siku hizi mafundi vijana huuona kwenye hadithi tu. Karakana ilikuwa mbele, upande wa barabara. Nyuma yake ulianza ujia mrefu, mwembamba, vyumba huku na huku, na mwisho wake kabisa bafu. Katikati ya ujia, kwenye ubao uliochakaa, ndipo ilipokuwa meni swichi: sanduku la chuma jeusi lenye mkono ubavuni, ule wa kusukuma juu uwashe na kuvuta chini uzime. Chini ya sanduku palikuwa na kiti. Kwenye kiti alikaa bibi kizee, mama mzazi wa Seremala, mikono mapajani, kimya.

Mama Ngazi alimwamkia kwa heshima, naye akaitika kwa upole, akamwita mwanangu.

Mke wa Seremala alikuwa jikoni. Mwanamke kijana, tumbo limemtangulia, miezi ya mwishomwisho. Mumewe aliporudi karakanani tu, akamshika fundi mkono, akamvuta nyuma ya mlango.

Alichosema kilimfanya Mama Ngazi aweke mkebe chini. Umeme haujikati ovyo. Akipika haukatiki. Akipiga pasi haukatiki. Unakatika yeye anapokwenda kuoga, akiwasha hita ya maji, kabla hata hajaingia chini ya bomba. Tangu aolewe ndani ya nyumba hii hajawahi kuoga maji ya moto. Na kila akitoka na taulo lake gizani, anamkuta mama mkwe pale pale chini ya swichi, anamwangalia.

"Mimi sisemi kitu, dada," alinong'ona. "Lakini anayenizimia taa namjua."

Alikuwa ameshasema, kwa kweli, na si mara moja. Alikuwa amemwambia mumewe achague, mama au mke. Mume alikaa kama aliyemwagiwa maji, hakumtetea mama wala hakumkemea mke. Jumapili ndugu wangekuja kumchukua bibi, wampeleke kwenye kibanda cha shambani akakae peke yake. Maneno yalishafika kisimani, na ya kisimani hayana kifuniko. Watu walishaanza kuvuka barabara wakimwona bibi mlangoni. Jioni moja mtu asiyejulikana alirusha jiwe juu ya bati, na neno lililofuata jiwe lilisikika mtaa mzima. Mchawi.

Mama Ngazi alirudi ujiani akiwa na uchungu. Alikuwa anajua mwisho wa vikongwe wanaobandikwa jina lile. Akajikaza, akaanza kazi.

Alichomoa fyuzi, akazikagua moja moja mwangani. Nyaya zake nyembamba zilikuwa nzima, hazijaungua hata moja. Hilo lilimtatiza. Umeme ukipiga shoti huunguza fyuzi, na fyuzi ikiungua, mkono wa meni swichi hubaki juu vilevile. Hapa mambo yalikuwa kinyume. Akamuuliza mke wa Seremala: umeme ukishakatika, mumeo huurudishaje? Akaambiwa huusukuma tu mkono juu, taa zinawaka.

Kwa hiyo mkono ulikuwa unashuka wenyewe. Fundi akaushika, akautikisa kutafuta ulegevu. Hapakuwa na ulegevu. Akauvuta chini. Haukusogea. Akashika kwa mikono miwili, akakanyaga ukuta kwa mguu, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, ndipo ulipokubali, kwa mlio kama wa mlango wa gereza. Ndani mlikuwa na springi nene kama kidole gumba. Mkono kama ule haushuki kwa mtikisiko wala kwa uzee. Unataka mtu, tena mwenye nguvu.

Akamgeukia bibi, akamwomba radhi, akamwomba ajaribu.

Bibi alinyanyua mikono yake. Baridi yabisi ilikuwa imevipinda vidole vyote, vimevimba maungoni kama tangawizi, havikuweza hata kuuzunguka ule mkono. "Hata kijiko nalishwa, mwanangu," alisema akicheka. "Ningeuweza huo, si ningeshajikuna mgongo?"

Mke wa Seremala alikuwa amesimama mlango wa jikoni, anaona yote. Rangi ilimbadilika. Labda ilikuwa mara ya kwanza kuitazama mikono ile. Alirudi ndani, wakamsikia anavuta kigoda na kukaa.

Mama Ngazi alichuchumaa karibu na kiti. Akamuuliza bibi, kwa sauti ya chini, kwa nini basi anapenda kukaa pale, ujiani, penye kiza na upepo, badala ya kuota jua barazani.

Bibi alitazama jikoni. Akasubiri. Kisha akainama.

"Nakaa na mkwe wangu asiwe peke yake."

"Mkwe wako yuko jikoni, mama."

"Siyo huyo," alinong'ona bibi.

Fundi alinyanyuka, akajisemea kwamba uzee ni safari ndefu. Alijua Seremala aliwahi kuwa na mke mwingine akafiwa, miaka kadhaa iliyopita; ilisemekana ni presha.

Akaamua kujionea mwenyewe. Akarudisha fyuzi, akausukuma mkono juu, taa ya ujiani ikawaka. Akamwambia mke wa Seremala aende bafuni na nguo zake, awashe hita, anyooshe mkono kama anayetaka kufungulia maji, afanye kila kitu kama kawaida yake. Yeye angebaki pale, hatua moja kutoka kwenye swichi, asiiondolee macho.

Ilikuwa saa ya mchana, jua limesimama utosini. Karakanani randa ilikuwa inakwenda, kruu, kruu. Alisikia kandambili za mke wa Seremala zikienda mwisho wa ujia. Alisikia mlango wa bafu. Akasikia swichi ya hita ikibofywa.

Randa karakanani ikanyamaza.

Kisha akasikia nyayo zikirudi kutoka bafuni. Alidhani mke wa Seremala amesahau kitu. Hakugeuka, alikuwa amejiapiza asitoe macho kwenye swichi. Lakini hazikuwa kandambili. Zilikuwa nyayo tupu. Nyayo zenye maji. Cha, cha, cha, kwenye sakafu ya saruji. Zilikuja bila haraka. Zikasimama nyuma yake.

Harufu ya sabuni ikamfikia puani.

Ubaridi ukapita karibu na bega lake la kulia, kama mtu amenyoosha mkono kufikia kitu kilicho mbele yake. Mkono wa meni swichi ukatetemeka. Ukashuka kidogo. Ukasimama, kama anayeuvuta anajitwalia nguvu. Springi ikalia.

Kisha ukashuka wote. Paa!

Taa ikazima. Mama Ngazi aligeuka. Ujia ulikuwa mtupu.

"Imekatika tena?" Sauti ya mke wa Seremala ilitoka kule kule bafuni, mlango ukiwa umefungwa. "Dada fundi?"

Mama Ngazi alikuwa anautazama ule mkono wa chuma. Ulikuwa umelowa. Maji yalikuwa yanachuruzika ubavuni mwa sanduku, yakiwa na povu, yanadondoka kwenye ubao. Na chini, kwenye kiti, bibi alikuwa ameinua uso kuangalia mahali pasipo na mtu, anazungumza kwa sauti ya kubembeleza.

"Pole, mama. Umechoka. Pumzika."

Mama Ngazi alitoka nje. Hakukimbia. Alikaa juu ya ngazi yake iliyolazwa uani, akapanga maneno ya kumwambia Seremala: kazi imenishinda, tafuta mwingine. Aliyapanga, akayapangua. Maana kulikuwa na jambo moja lililokataa kumtoka kichwani, na halikuwa la mashetani. Lilikuwa la umeme.

Anayekata umeme, kwa nini anaukata muda ule tu? Hita imewashwa. Mtu yuko karibu kushika maji. Kila fundi anajua kwa nini mtu angekimbilia swichi wakati kama ule. Angekimbia kwa sababu ameona kifo.

Alisimama. Akarudi ndani mbio sasa, akagonga mlango wa bafu, akamwambia mke wa Seremala atoke, asiguse bomba, asiguse ukuta. Akatafuta kipande cha ubao mkavu karakanani, akakiweka sakafuni mwa bafu, akavaa viatu vyake vya soli nene. Akaenda kuusukuma mkono juu. Aliugusa kwa kitambaa. Ulikuwa ungali baridi. Ulipanda, ukakaa.

Akawasha hita, akafungulia maji. Alisimama juu ya ubao akisubiri mlio ule. Haukuja. Aliona kama vile kuna mtu ujiani amemwangalia miguuni, akaona ubao, akaridhika.

Akaigusisha testa, bisibisi yake ya kupimia umeme, kwenye bomba la chuma.

Kijitaa chake chekundu kikawaka. Hakikuwaka kwa kupepesa, kama kinavyofanya umeme ukiwa mdogo. Kiliwaka kwa nguvu zote, jicho jekundu ndani ya mvuke. Akaigusisha kwenye maji yenyewe yaliyokuwa yanamwagika. Kikawaka vilevile.

Alizima kila kitu. Mke wa Seremala alikuwa mlangoni, ameona. Hakuhitaji kufafanuliwa. Aliteleza na ukuta mpaka chini, amelishika tumbo lake.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku," alijibu fundi.

Sasa ilibaki kujua ni kwa nini. Hita kuvujisha umeme si ajabu, vitu huzeeka. Lakini kila hita ina waya wa ethi, ule unaoupeleka umeme uliopotea ukazame ardhini, fyuzi iungue, watu wabaki salama. Waya huo ukiwa mzima, fyuzi za nyumba ile zingekuwa zinaungua kila mara. Hazikuungua. Kwa hiyo waya ulikuwa na kasoro, na ulipita juu ya dari.

Alipoegemeza ngazi kwenye mlango wa dari, Seremala alitokea. Alikuwa amesimama mahali fulani karibu muda wote ule. Aliikanyaga ngazi kwa mguu. Akasema huko juu hakuna kitu, ni vumbi na popo, fundi atavunja mbao bure. Alimwita kwa ajili ya meni swichi, abadilishe meni swichi aende zake. Aliyasema bila kupandisha sauti, lakini kijasho kilikuwa kinamtiririka.

"Mwache apande," alisema bibi kutoka kitini.

Seremala hakuondoa mguu.

"Nimesema mwache apande."

Mguu ukaondoka.

Mama Ngazi alizima meni swichi, akachomoa fyuzi zote, akazitia mfukoni mwake mwenyewe. Akapanda.

Darini kulikuwa na joto la kuoka mkate. Vitundu vya misumari kwenye bati vilishusha nyuzi za mwanga, na vumbi lilikuwa limetanda kama unga. Alitambaa juu ya boriti akiufuata waya wa hita, tochi mdomoni. Aliufuata mpaka juu ya bafu. Hapo akauona waya wa ethi. Ulikuwa umekatwa. Ncha yake ilikuwa imekunjwa kwa ustadi na kuvingirishwa tepu, na tepu yenyewe ilikuwa imekauka na kufifia kwa miaka.

Hii haikuwa kazi ya panya. Panya hafungi tepu.

Alikuwa anaitazama ncha ile alipogundua kwamba hayuko peke yake. Mtu alikuwa anapumua. Nyuma yake kidogo, upande wa kushoto, mahali tochi haifiki. Pumzi nzito, yenye maji ndani yake. Inaingia. Inakwama. Inatoka. Hakuelekeza tochi kule. Aliitoa mdomoni, akasema neno pekee lililomjia.

"Nimeuona, dada."

Pumzi ikakoma.

Alishuka akiwa mweupe kwa vumbi, kipande cha waya wenye tepu mkononi. Wote walikuwa ujiani. Alikinyanyua wakione. Seremala alikitazama, akaketi kwenye kizingiti cha bafu kama mzigo uliokatwa kamba.

Alieleza kwa sauti iliyokuwa inapotea. Zamani fyuzi zilikuwa zinaungua kila hita ikiwashwa, naye akachoka kuzibadilisha. Rafiki mmoja akamwambia ule waya ndio unaosumbua, ukate tu, mbona nyumba nyingi hazinao. Akapanda, akaukata kwa koleo, akaufunga vizuri. Fyuzi zikatulia. Alijisifu hata kwa mkewe, yule wa kwanza, kwamba hahitaji fundi.

Walidhani amemaliza.

"Aliniambia maji yanamng'ata," alisema akiangalia tundu la maji sakafuni. "Nikamwambia aoge haraka."

Mkewe alikutwa chini ya bomba asubuhi moja, maji yakiwa bado yanamwagika. Watu wakasema presha. Naye akawaacha waseme. Alikuja kuoa tena, umeme ukaanza kujikata, na moyoni alijua ni lini unakatika na kwa nini. Kila fundi aliyekuja alimwelekeza kwenye swichi. Hakutaka mtu apande darini.

Bibi alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho. Hakulia. Alisema kwa upole uleule aliomwitikia nao fundi asubuhi.

"Ukaacha waniite mchawi."



Mke wa Seremala ndiye aliyesogea. Alipiga magoti kwa shida mbele ya kile kiti, tumbo likimzuia, akaishika ile mikono iliyopinda, akailaza kwenye mashavu yake. Baadaye akaingia chumbani, akatoka na kanga zake chache ndani ya mfuko na nguo za mama mkwe ndani ya mwingine. Wakaondoka pamoja, mkwe na mkwe, wameshikana mikono, wakaenda kwa wazazi wa yule binti. Mtaa mzima uliwaona wakipita, na hakuna aliyevuka barabara.

Mama Ngazi alifanya kazi ile mpaka ikaisha. Alitupa hita ya zamani, akapigilia chuma kipya cha ethi uani, akapitisha waya mzima kutoka bafuni mpaka ardhini, akaunga maungio kwa mikono yake. Aling'oa lile sanduku la chuma, akaweka la kisasa ambalo hujikata lenyewe umeme ukipotea njia. Siku zote alizokuwa pale hakusikia nyayo. Ila kila asubuhi, akifika, alikuta sakafu ya ujia imelowa kutoka bafuni mpaka pale palipokuwa na swichi, na Seremala akiapa hajamwaga maji.

Jumapili ndugu walikuja kama ilivyopangwa, wakamkuta Seremala peke yake barazani. Mficha maradhi, kilio humuumbua, aliwaambia yote. Habari ikawafikia ndugu wa marehemu. Walikuja kundi zima, wakakaa, wakasikiliza, wakaondoka bila kugusa maji waliyowekewa.

Mke alirudi alipokaribia kujifungua, mama mkwe ubavuni mwake. Alirudi kwa masharti yake, na watu wanasema tangu hapo neno la mwisho ndani ya nyumba ile ni la wanawake wawili. Alioga maji ya moto kwa mara ya kwanza. Taa hazikuzima. Akazaa mtoto wa kike.

Seremala haogi ndani. Yeye hujimwagia ndoo uani, hata siku za baridi kali. Ukimuuliza anasema anapenda hewa. Mkewe alimnong'oneza Mama Ngazi kwamba alijaribu mara moja kuingia bafuni, akatoka mbio na sabuni mwilini, akaupiga mlango kufuli kwa nje. Fundi aliitwa kupima. Alipima bomba, maji, ukuta, kila kitu. Palikuwa salama kabisa.

Mtoto alipoanza kusimama kwa kushika viti, mama yake alimwita tena Mama Ngazi. Hapakuwa na tatizo lolote. Alitaka tu waya zikaguliwe, maana mtoto sasa anashika kila kitu na nyumba ni ya zamani. Ilikuwa kiangazi. Mvua hazijanyesha kwa muda, na bati lilikuwa linalia kwa jua.

Alipanda darini na tochi yake, akaenda moja kwa moja kwenye ungio alilolifanya juu ya bafu. Akasimama.

Ungio lilikuwa limefungwa upya. Tepu yake ilikuwepo, lakini juu yake zilivingirishwa nywele. Nywele ndefu, nyeusi, za mwanamke, zimezungushwa kwa kukazwa, mzunguko baada ya mzunguko, bila kupishana, kazi safi kuliko ya fundi yeyote aliyewahi kumwona. Akazigusa. Zilikuwa zimelowa. Darini mle, kwenye joto la kukausha mbao, zilikuwa zimelowa, na maji yakamshuka kidoleni.

Alimulika mbele. Nywele hazikuishia pale. Zilikuwa zimeufuata waya. Ungio lililofuata, lile la zamani ambalo yeye hakuligusa, lilikuwa limefungwa vilevile. Na la mbele yake. Zilipita juu ya jiko. Zikapita juu ya ujia. Kila mahali ambapo mpira wa waya ulikuwa umechanika na shaba inaonekana, palikuwa pamezibwa. Alitambaa akizifuata, hakujua kwa nini anazifuata, mpaka juu ya chumba cha mwisho.

Kilikuwa chumba cha mtoto. Hapo ndipo zilipoishia, kwenye ungio la taa, juu kabisa ya kitanda. Zilikuwa zimezungushwa nusu. Ncha zake zilikuwa zinaning'inia, zinadondosha maji, na fundo la mwisho lilikuwa bado halijakazwa.